Bafta ya Bi Mize

Siku moja ya msimu wa karafuu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na siikumbuki kwa hamu. Naikumbuka kwa mgongo, maana nilikuwa nimeinama tangu alfajiri, na kwa macho, maana yalikuwa yakiniwasha kwa dawa za picha. Umekuja na kamera yako mpya shingoni unataka nikufundishe kazi. Haya, kaa. Lakini usinihimize. Nimehimizwa maisha yangu yote, sasa nimechoka.

Duka langu lilikuwa Chake Chake, njia ya kwendea hospitali. Ukiliita studio unalitukuza bure. Kilikuwa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, na nyuma yake kijichumba cha giza nilichokiziba kila tundu kwa matambara. Mbele watu wanakaa kupigwa picha, nyuma mimi nahangaika na mabakuli yangu. Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya Mapinduzi, siasa imepamba moto, watu wa mtaa mmoja wanasusiana maduka, wanasusiana harusi, mpaka maziko wanasusiana. Nilikuwa kijana, sijaoa, nadhani uchovu ni kitu kinachokwisha ukilala.

Msimu ukiwa mzuri kila mtu anataka picha. Na mtu wa shamba akija kupigwa picha haji yeye, anakuja yule anayetamani kuwa. Nilikuwa na koti moja jeusi limetungikwa msumarini. Mwembamba nilimbana kwa pini mgongoni, mnene nilimwambia asivute pumzi. Ukizikuta leo picha za wanaume wa Ole, wa Wesha, hata wa Tumbe, utaona wamevaa koti lile lile. Na saa ya mkononi ilikuwa moja, tena mbovu, mishale yake haiendi. Watu wote wale walipigwa picha saa nne na robo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nikimwambia mtu acheke kidogo, ananitazama kama nimemtukania mama yake. Basi unamweka sawa, unamwinua kidevu, unarudi kwenye kamera, unajifunika kitambaa, ukichungulia kidevu kimeshateremka. Unatoka tena. Huyu ana mtoto analia, yule anataka apigwe na baiskeli ya jirani yake, mwingine amekuja na shoga zake wote wamwangalie nywele amechana vipi. Jioni, wote hao wakishakwenda zao, ndipo kazi yenyewe inaanza, kwa sababu picha ukishapiga lazima uikoshe.

Neno hilo ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Wenzetu wanasema kuosha, wasomi wanasema kusafisha, sisi Pemba tunasema kukosha. Unaitia picha katika dawa, kisha katika maji, maji mengi, nami nilikuwa nikiyateka mwenyewe kisimani, halafu unaitungika kwenye uzi ikauke. Na katika kazi ile hatukuwa tukisema picha ya fulani. Tulisema fulani mwenyewe. Bi Asha ameungua, maana yake mwanga umeingia. Mzee Juma amekatika kichwa, maana yake nimekosea kulenga. Watu wa mjini waliizoea lugha yangu, wanapita dirishani wanauliza, "Ee bwana, mimi nimeshakoshwa?" Namjibu, "Wewe bado, lakini mkeo yuko kwenye maji." Tunacheka, anakwenda zake. Hatukufikiri kuwa katika kisiwa kizima ni mtu mwingine mmoja tu anayesema nimemkosha fulani, naye ni yule anayeitwa kwenye nyumba yenye msiba kukosha maiti.

Sasa nikwambie habari za Makame. Makame alikuwa rafiki yangu wa Ole, kwetu. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa bakora zile zile. Mama yake, Bi Mize, ndiye aliyenilisha nusu ya utoto wangu, maana mama yangu alikuwa mtu wa kuumwaumwa. Bi Mize hakuzaa mwingine. Makame alikuwa ndiye macho yake, ndiye mikono yake. Na Bi Mize hakuzipenda picha. Alisema sura ya mtu si kitu cha kufungia kwenye karatasi. Kwa hiyo Makame alipotaka kupigwa, alikuja kwangu kimya kimya kabla ya msimu, akavaa koti, akavaa saa mbovu, akaniambia nisimwambie mtu yeyote Ole. Nikampiga, nikamwekea siri, na kwa wingi wa kazi picha yake ikakaa bila kukoshwa.

Msimu ulipoanza akapanda mkarafuu, tawi likamvunjikia. Akaletwa hospitali ya Chake mguu umevunjika na mbavu zimeumia, kisha homa ikamshika. Mimi nilikuwa jirani na hospitali, basi nikawa ndiye ninayemtazama asubuhi na jioni na kupeleka habari Ole kwa watu wa magari. Siku moja jioni nilimkuta anaweweseka, hanijui. Nikamwambia dereva wa lori, "Mfikishie Bi Mize salamu, mwambie hali ya Makame leo si nzuri, wamuombee dua." Hakuna aliyelala Ole usiku huo.

Asubuhi yake nikaenda hospitali na moyo uko mkononi. Nikamkuta homa imeshuka, ananiambia, "Nina njaa, niletee muhogo." Nilifurahi mpaka nikakaa chini, kisha nikamwagizia muhogo. Nikasema moyoni, nitatafuta mtu wa kupeleka habari Ole. Lakini nilipofika dukani barazani pamejaa watu wa jana ambao hawajapata picha zao, kila mmoja ananitupia neno lake. Nikasema ngoja niwapunguze kwanza hawa, habari nzuri haiozi. Nikajifungia gizani. Na kwa furaha ya Makame nikaitafuta na picha yake, niikoshe, nikampelekee aione pale kitandani.

Nimeishika majini hivi, kwa vidole viwili, nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ya Hamadi, jirani yao Bi Mize. Alikuwa amekuja na baiskeli kutoka Ole, mlinzi wa hospitali amemzuia mpaka madaktari wamalize kupita, naye akaona aje aniulize mimi. Hayo nimeyajua baadaye.

"Usifungue mlango!" nikamkemea. "Nani wewe?"

"Hamadi. Nimetumwa kwa ajili ya Makame. Makame vipi?"

"Makame nshamkosha," nikasema. "Bado kukauka tu. Njooni alasiri mumchukue."

Kisha akauliza, sauti imekwenda chini, "Umemkosha wewe?"

"Mimi, nani mwingine? Kwani hapa kuna mwingine anayeijua kazi hii?"

"Peke yako?"

"Peke yangu tangu asubuhi. Na wapo wengine chungu nzima wananingoja. Hamadi, niache bwana, nimechoka."

Akasema neno la Kiarabu. Maji yalikuwa yanamwagika, nikasikia kipande chake tu, lillahi, nikadhani amesema alhamdulillahi. Nikamjibu alhamdulillahi na mimi, tena kwa sauti ya kushiba. Nikasikia baiskeli inaondoka.

Mwanangu, kama ningekuwa na akili zangu ningekumbuka kuwa Ole hakuna hata mtu mmoja anayeijua picha ile. Lakini aliyechoka hujibu kilichomo mkononi mwake, si alichoulizwa. Nami mkononi mwangu alikuwamo Makame anatona maji.

Adhuhuri imekwishapita, nikasikia lori limesimama mlangoni. Nikatoka nikipangusa mikono. Wanaume wamejaa barazani, kofia kichwani, kimya. Nyuma yao jeneza, lile la msikiti wa Ole. Nikaangalia nyuso zao nikaona jambo la ajabu: watu wa chama hiki na watu wa chama kile, waliokuwa hawapeani hata salamu, wameshuka gari moja. Shehe wao akanishika mkono.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Umetustiri. Tumekuja kumchukua maiti wetu."

"Maiti gani?"

"Makame."

Wallahi nilidhani amefia hospitali nami niko gizani na mabakuli yangu. Nikaanza kulia pale pale. "Makame kafa? Saa ngapi? Asubuhi si alinitaka muhogo!"

Shehe akaniachia mkono. "Wewe si ndiye uliyemkosha?"

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Nshamkosha. Kukauka. Njooni mumchukue. Na nyuma ya wanaume wale, mtu akawasogeza pembeni kwa kiwiko, akapita. Alikuwa Bi Mize. Mwanamke hafuati jeneza kwetu, unajua, lakini nani angemteremsha garini siku ile? Chini ya buibui alikuwa amekumbatia furushi. Macho yake makavu.

"Yuko wapi mwanangu?"

Niliingia ndani, nikaitungua ile picha kwenye uzi, ncha yake bado imelowa, nikampa. Akaitazama. Koti, saa, kidevu juu.

"Huyu nani?"

"Huyo ndiye Makame niliyemkosha, mama. Ni picha. Makame mwenyewe yuko hospitali, hajambo, homa imemtoka. Hamadi aliniuliza, mimi nikadhani..."

Hakungoja nilichodhani. Alimpa Shehe ile picha, akashuka barazani, akashika njia ya hospitali kwa miguu yake, nasi wote nyuma. Yule mlinzi alimwona anavyokuja, akafungua mlango kabla hajaambiwa. Makame alikuwa ameegemea mto anakula muhogo wangu. Bi Mize akaweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe, akakiacha hapo. Makame akatutazama tulivyojaa mlangoni. "Mama, kulikoni? Mbona mmekuja mji mzima?" Hapo mmoja wetu akacheka. Akacheka na mwingine. Wakatoka nje wakicheka mpaka machozi, wanaegemeana mabega, mahasimu wale, na wa chama hiki anamfuta mwenzake machozi. Nikasema pengine kosa langu limezaa kheri. Wiki iliyofuata walikuwa wanasusiana tena kama kawaida. Mimi sikucheka, kwa sababu Bi Mize hakucheka.

Kabla ya magharibi alikuja dukani kwangu. Nilikuwa nimefunga, nimekaa barazani nimejishika kichwa. Nikasimama. "Shikamoo, mama." Hakuitika. Akafungua lile furushi. Ilikuwa nguo ya bafta nyeupe, mpya, imekatwa, na harufu ya karafuu maiti ikanipiga usoni. Nikaitambua ni nini.

"Nimeikata kwa mkono wangu," akasema. "Wanawake walitaka kunisaidia nikakataa. Nimempima mwanangu kwa kichwa tu, maana urefu wake naujua. Wewe hujazaa, hujui ni kazi gani hiyo."

"Mama, nisamehe. Nipe radhi yako."

"Leo usiniombe radhi. Leo sina, nimechoka. Na wewe unaniambia ulikuwa umechoka?" Sauti ilimpanda mara moja tu, hapo. Kisha ikashuka. "Sanda ya mtu aliye hai siwezi kuilaza ndani kwangu, na dukani hairudishwi. Itungike nyuma ya kiti chako, watu wapigwe picha mbele yake. Kila utakapofumbua kinywa, uione kwanza. Siku nikiitaka nitakwambia."

Nikaitungika, yeye amesimama mlangoni ananitazama. Nilipogeuka alikuwa amekwenda.

Nadhani sasa unaona kwa nini nilikwambia siikumbuki kwa hamu. Miaka yote iliyofuata, kila aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa na sanda ya Makame nyuma yake, bila kujua. Mabibi harusi na waume zao. Wanafunzi. Waliokuwa wanasafiri Mombasa. Viongozi wa vyama, kila mmoja anajiona yeye ndiye yeye. Watu walisema picha zangu zimekuwa safi, nyuso zinatoka. Kumbe ni weupe wa ile bafta. Nami nyuma ya kamera, nikijifunika kitambaa changu cheusi, naiona inaniangalia. Jina likavuma, kazi ikazidi, uchovu ukazidi zaidi.

Na mtu akibisha hodi kuuliza fulani vipi, nilitoka nje. Hata kama nimeshika picha katikati ya dawa, nilitoka. Mwanga ukaingia, picha zikaungua, watu wakanitukana, nikapiga upya bure. Nikisimama mbele ya mtu namuuliza kwanza, "Unamuulizia mwenyewe au picha yake?" Wakanitania kwa hilo. Watoto wa Chake wakinipita njiani wanauliza, "Mwenyewe au picha yake?" Nikawaacha.

Makame alipona, akachechemea kidogo, akaoa, akazaa. Picha yake aliiweka ndani ya sanduku, hakuthubutu kuitungika. Kila Idi nilikwenda Ole kumsalimia Bi Mize. Ananiandalia, nakula, ananiuliza habari za mjini. Nikiondoka namwambia, "Mama, radhi." Ananiambia, "Nenda salama." Basi. Idi baada ya Idi, mwanangu. Jaribu kula kwa mtu ambaye hajakusamehe, uone kama utajua umekula nini.

Mapinduzi yakiwa yamekaribia, siku moja niko gizani, nikasikia hodi. Sauti ile ile. Hamadi. Niliziacha picha zote ndani ya dawa, nikafungua mlango, mwanga ukaingia wote. Nikamshika mabega.

"Sema."

"Yuko hai," akasema haraka, maana na yeye alikuwa amejifunza. "Bi Mize yuko hai, lakini ameshalala kitandani hainuki. Anataka bafta yake. Na amesema uikoshe kwanza, imekaa na nyuso za watu wengi."

Niliiteremsha. Nikateka maji kisimani, nikamwaga dawa zangu zote, nikayasugua mabakuli mpaka harufu ikatoka, ndipo nikaikosha kwa sabuni na buluu ya kufulia, mara baada ya mara, mpaka maji yakawa yanatoka kama yalivyoingia. Nikaianika juani. Nikakaa chini nikaingojea ikauke, sikumfungulia mteja yeyote. Vidole vyangu vilivyoshika picha za nusu ya kisiwa havijawahi kukosha kitu kwa uangalifu ule.

Nikaipeleka Ole mwenyewe. Makame amekaa miguuni mwa mama yake. Bi Mize akaishika bafta kwa vidole, akainusa.

"Umeikosha vizuri," akasema.

"Mama, radhi."

Akafumba macho. Nikadhani amelala, nikaanza kuinuka. "Nilikupa siku ile ile," akasema, "ulipokuwa umenipa mgongo unaitungika. Mikono ilikuwa inakutetemeka, nikakuonea huruma. Sikukwambia tu. Ningekwambia, usingetoka tena nje kuwajibu watu."

Nililia, sikuona haya. Hakukaa sana baada ya hapo, Mungu amrehemu, naye akaenda na bafta yake. Picha ya Bi Mize sina. Hakutaka, nami sikumwibia. Ukutani kwangu pakabaki alama nyeupe pale ilipokuwa imetungikwa, na watu nikawapiga hapo hapo, mbele ya alama, mpaka nilipofunga duka.

Umetaka siri ya kazi. Mambo ya mwanga utajifunza mwenyewe, utaharibu picha nyingi, si neno. Nasaha yangu ni hii: watu watakujia wamekaa roho juu, wanakuuliza habari ya mtu wanayempenda, nawe utakuwa umechoka, kwa sababu kazi yoyote ya kweli inachosha. Usiwajibu ukiwa nyuma ya mlango. Acha ulichoshika, hata kikiharibika. Toka uwaone usoni, ujue wanauliza nini, ndipo useme. Na habari njema usiilimbikize ukingoja nafasi, ipeleke ikingali moto, maana kuna mama mahali anakata kitambaa.

Mungu akupe macho mazima na mikono isiyotetemeka, akupe riziki ya halali na uchovu wa halali, akukutanishe na watu wenye radhi ya karibu. Na mimi siku yangu ikifika, mwanangu, ni wewe utakayenikosha. Watakapokuuliza, utoke nje uwaambie.